Gari Linaloumwa Likirudi Nyumbani

Olmotonyi,
6 Mei 2025

Mpwa wangu Jackline,

Sisi huku wazima wote isipokuwa gari.

Usishangae kuona kalamu badala ya simu. Masikio yangu niliyaacha kwenye misumeno ya kiwanda cha mbao, unajua mwenyewe, na nikiwekewa simu nasikia mtu anavuma kama nyuki tu. Herufi za simu nazo ni ndogo mno kwa vidole vyangu. Zaidi ya hayo, mafundi wa maneno ya mdomo wamenichosha. Leo anasema hivi, kesho ukimrudia anakana kwamba hakusema. Wewe utaniandikia, utatia sahihi, nami nitaiweka. Mwanangu Gadiel ndiye atakayeleta gari na barua hii hapo gerejini kwenu Sakina, na ndiye atakayeniletea majibu. Usijisumbue kumhoji. Ukimuuliza gari lina nini atakuambia linaumwa, na elimu yake ya magari inaishia hapo.

Habari yenyewe ni hii. Gari la marehemu mama yako linawasha taa ya injini, ile ya njano. Ikishawaka, linakunywa petroli kama ng'ombe aliyeshinda na kiu, linatoa moshi mweusi, na kwenye mlima wa kupandia kwetu linakohoa na kuzima. Lilianza mwaka jana baada ya mavuno ya mahindi. Fundi wa kwanza wa Ngaramtoni alichomeka mashine yake akasema ni sensa ya oksijeni. Akabadilisha, likapona, likaumwa tena. Wa pili akachomeka mashine, akasema sensa ya oksijeni, akabadilisha, akaapa kwa jina la mama yake kwamba ile ni mpya kabisa. Likapona, likaumwa. Wa tatu alitaka kubadilisha injini nzima, nikamfukuza.

Sasa shika hili. Bibi yako ana tarehe ya kupasuliwa macho huko Moshi, tarehe 19 Juni. Mtoto wa jicho amefunika pande zote mbili, anaona mwanga na vivuli basi. Na anakataa kupanda gari lingine lolote. Nimemwambia tutakodi, anasema gari la Evaresta analijua kwa mkono, kitasa anakijua, kiti anakijua, ila kwenye gari la watu atakuwa mzigo tu. Unamjua alivyo mbishi. Ikifika siku hiyo gari bado linazima, hatakwenda, na tukiikosa hiyo tarehe nyingine ni hadi mwakani. Kwa umri wake sipendi kusikia neno mwakani.

Kuna dalali wa Kisongo analitaka kama chuma chakavu. Likishindikana safari hii namwachia, na nisije nikasikia kilio.

Nilisema mengi ulipochagua ufundi wa waya za magari ukaacha ualimu. Sirudii hapa. Tengeneza.

Mjomba wako,
Lemburis


Sakina,
9 Mei 2025

Shikamoo Mjomba,

Bibi yangu Koko naye mpe shikamoo yangu. Mwambie nimeinamisha kichwa hapa hapa gerejini, ingawa hakuna mkono wa kukigusa.

Kwanza nikueleze ugonjwa, maana naona mafundi wamekubadilishia vitu bila kukuambia vinafanya nini. Sensa ya oksijeni ni pua ya gari. Imefungwa kwenye bomba la moshi, inanusa moshi unaotoka, halafu inaipelekea kompyuta habari kama petroli imezidi au imepungua. Habari zikikatika, kompyuta inamwaga petroli kwa kubahatisha, na ndiyo maana linakunywa hivyo. Sasa mashine ya kupima ikisema sensa ya oksijeni, haimaanishi pua imekufa. Inamaanisha habari za pua hazifiki. Wale wenzangu walisikia neno pua wakakata pua.

Mimi nimeipima hii iliyopo kwa mita. Ni nzima. Fyuzi nzima. Nikaanza kufuata waya, nikakuta sehemu umelala juu ya bomba la moshi hadi ganda lake likayeyuka. Nimeukata hapo, nimeunga upya, nimeuvalisha ganda gumu na kuufunga mbali na joto. Tumelipeleka na Gadiel hadi Makumira na kurudi, taa haikuwaka hata mara moja. Moshi umekuwa msafi.

Kile kibandiko cha kwaya cha mama bado kipo kwenye kioo cha nyuma. Sikukigusa.

Tarehe 19 Juni Koko atapanda gari lake. Dalali mwambie asubiri magari ya wengine.

Nilitaka kulileta mwenyewe nimsalimie Koko, lakini kazi zimebanana. Nitakuja siku nyingine.

Mpwa wako, na sahihi ndiyo hiyo,
Jackline


Olmotonyi,
19 Mei 2025

Jackline,

Barua yako ya pua niliisoma mara mbili nikafurahi, nikaiweka ndani ya Biblia. Leo nimeitoa humo, na gari Gadiel analirudisha kwako.

Wiki nzima gari lilikwenda vizuri, nikaanza hata kujisifu kwa watu. Jana Jumapili limezima kwenye geti la kanisa, na kina mama wa kwaya wamejaa ndani na sare zao. Si kabla ya geti wala baada ya geti, ni katikati, magari mengine yote nyuma yanapiga honi. Mwinjilisti Ebenezer alivua koti akasukuma. Mimi mzee wa kanisa nimeshika usukani nikiwa nimeinamisha kichwa, watu wakadhani nasali.

Akatokea mmoja, simtaji, akasema hayo ndiyo matunda ya kumpa msichana gari. Nikamwambia yeye hata baiskeli inamshinda. Lakini hilo halikuhusu.

Ninachotaka kujua ni kitu kimoja. Kwa nini likiwa Sakina ni zima, likipanda huku linaumwa? Ebenezer anasema labda ni hewa ya mlimani. Mimi nasema labda ni fundi. Limezaliwa upya mara tatu sasa na kila mara linakuja kufia kwangu.

Koko ananiuliza kila jioni kama gari lake limepona. Jana nilimdanganya.

Lemburis


Sakina,
24 Mei 2025

Shikamoo Mjomba,

Maneno yako yaliniuma, sifichi. Niliisoma barua nikaikunja nikaenda kuosha mikono iliyokuwa safi. Halafu nikarudi kwenye gari, kwa sababu swali lako ndilo swali lenyewe. Kwa nini likiwa huku ni zima?

Naftali mwenye gereji alinishauri nibadilishe sensa tu nilirudishe, tarehe ipite. Nikakataa. Badala yake nikavuta waya wa muda kutoka kwenye sensa moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, ukining'inia ndani ya gari kama kamba ya kuanikia nguo. Nikawasha. Taa ikazimika, injini ikatulia kama haijawahi kuumwa. Hapo nikajua. Sensa nzima, kompyuta nzima, mgonjwa ni njia iliyo katikati.

Nikaifuata njia hiyo kwa vidole, sentimita kwa sentimita. Ule waya niliounga ulikuwa salama, Mjomba, sikukudanganya, ila haukuwa ugonjwa peke yake. Nyuma kabisa ya injini, chini ya kioo cha mbele, kuna soketi ambapo waya za injini zinaungana na zile za ndani. Hakuna fundi aliyewahi kuifungua. Nikaifungua. Pini zote za kijani kwa kutu, na zimegandwa na kitu cheupe.

Juu ya soketi hiyo kuna mfereji unaopokea maji ya mvua kutoka kwenye kioo na kuyatoa kwa tundu la pembeni. Tundu lilikuwa limezibwa na uchafu huo huo mweupe, na ndani yake mna majani. Likiziba hilo, chochote kinachoteremka kwenye kioo kinafurika na kuingia kwenye soketi.

Nimesafisha pini moja moja, nimekausha, nimezibua tundu. Kisha nikamwagia kioo ndoo za maji, Naftali akicheka kwamba naogesha mtoto. Soketi ilibaki kavu. Kwa hiyo mvua peke yake haileti ugonjwa huu. Na isitoshe, Mjomba, nilinusa kile kitu cheupe. Kimechacha. Maji ya mvua hayachachi.

Ni maziwa.

Naomba unisaidie hapo. Kuna mtu anabebea maziwa juu ya boneti? Au mnaweka madumu pale mkipakia? Na majani je, kuna mtu anakatia ng'ombe majani na kuyaweka juu ya gari? Nimemuuliza Gadiel, akaangalia viatu vyake akasema nikuulize wewe.

Gari Gadiel anakuja nalo, ni hilo tu limebaki. Nikilijua, gari hili limepona kabisa.

Jackline


Olmotonyi,
29 Mei 2025

Mpwa wangu,

Nimepokea maswali yako. Majibu ni haya.

Maziwa ya nyumba hii yanashuka Ngaramtoni kwa pikipiki ya kijana wa jirani. Hayajawahi kupanda gari la marehemu, wala dumu halijawahi kuwekwa juu ya boneti. Sisi si watu wachafu. Majani yako kila mahali huku, upepo unayaleta, Mungu ndiye anayeyaotesha. Sioni kwa nini fundi wa waya aulize habari za zizi.

Uliponipa habari za pua nilikuelewa. Ulipofika kwenye maziwa nikaona sasa unatafuta wa kumbebesha. Uliza waya, usiulize boma. Na bibi yako naye akishakamua ana mambo yake ya alfajiri, ya uzee, hayahusiani na gari, hayo uyaache kabisa.

Taa imewaka tena jana. Nilikuwa nimeitazama asubuhi hadi asubuhi kama mtu anayengoja mgeni asiyempenda, na jana akaja.

Dalali amefika. Amelizunguka, amelipiga teke gurudumu, ameinama kulichungulia tumboni. Koko alimsikia akauliza nani huyo. Nikasema mgeni. Akasema mgeni gani anasalimia gari kabla ya watu. Akatoka akasimama kando ya gari, mkono kwenye boneti, hadi yule bwana alipoondoka.

Zimebaki wiki tatu. Sijui nikuambie nini tena.

Lemburis


Sakina,
2 Juni 2025

Shikamoo Mjomba,

Barua hii ni ya Koko. Wewe ni msomaji tu. Naomba umsomee kwa sauti, kama unavyosoma masomo ya Jumapili, na usiruke mstari hata mmoja. Ukiruka atajua.

Koko wangu Nosim,

Shikamoo. Ni mimi Jackline, mtoto wa Evaresta. Sijaja siku nyingi na najua unalo la kusema juu ya hilo. Nitalisikiliza nikija.

Unakumbuka asubuhi ile naondoka kwenda chuo cha ufundi? Mjomba alikuwa amekasirika, hakutoka nje kuniaga. Wewe ulitoka na kibuyu chako. Ulichovya majani mabichi kwenye maziwa, ukaninyunyizia miguuni, kichwani, hadi kwenye begi, ukaniombea niende salama nirudi salama. Nilikuwa na umri wa kuona aibu. Nilipofika barabarani nikajifuta na leso, lakini harufu haikutoka. Nilifika chuoni nanuka maziwa.

Juzi nilifungua soketi ya gari la mama na harufu ikawa ile ile. Sikuitambua mara moja kwa sababu nilikuwa nanusa kama fundi. Mjomba aliponiandikia kwamba wewe una mambo yako ya alfajiri, ndipo nikanusa kama mjukuu.

Unalinyunyizia gari kila asubuhi, sivyo Koko? Ukishakamua, kabla Gadiel hajaamka. Tangu siku ile mama alipolileta nyumbani likiwa limefungwa utepe, na wewe ukawa wa kwanza kuliwekea mkono.

Mjomba, hapa najua umetamani kuruka. Endelea kusoma.

Koko, sikuombi uache. Usiache. Ila kuna mahali pamoja tu ambapo maziwa yanalidhuru, ni pale chini ya kioo cha mbele. Yanateremka ndani, yanaganda, yale majani yanaziba tundu, na waya mdogo unaopeleka habari za moshi unalowa. Waya ukilowa, gari linapotea akili. Ukimwagia kwenye gurudumu, au mbele kwenye bampa, au ardhini mbele yake, halitadhurika hata ukimaliza kibuyu kizima.

Na nina swali. Mama alilileta gari hili miaka mingi, na ugonjwa umeanza mwaka jana tu. Kwani zamani ulikuwa unamwagia wapi?

Mjukuu wako,
Jackline


Olmotonyi,
6 Juni 2025

Jackline,

Nimemsomea.

Nilimweka kwenye kigoda mlangoni nikasoma kama ulivyoagiza. Nilipofika pale pa kibuyu nikaona watoto wa jirani wamesimama wanasikiliza, nikarukia kwenye swali la mwisho. Mama yangu akainua mkono. "Lemburis, umeruka." Nikamuuliza amejuaje, haoni hata karatasi. Akasema, "Sauti yako imekimbia." Basi nikarudi nyuma, nikasoma yote, na watoto wa jirani wakasikia yote, na kufikia jioni nadhani Olmotonyi nzima ilikuwa imesikia, maana sauti yangu unaijua.

Sasa utaniuliza kama nilikuwa najua. Alinijibia yeye mwenyewe. Alisema, "Huyu anajua. Huwa anasimama dirishani, namsikia anavyokohoa." Ni kweli nilikuwa nasimama dirishani. Mimi ndiye ninayewaambia wengine kanisani waachane na mambo ya kale, halafu mama yangu mzazi yuko uani na majani na kibuyu. Nikaona afadhali nisione. Nilimwambia hivyo, na yeye akaniuliza, "Kwani mimi namnyunyizia nani? Namshukuru huyo huyo unayemwimbia Jumapili. Wewe unamshukuru kwa kinanda, mimi nina ng'ombe."

Swali lako amelijibu. Zamani alikuwa anamwagia chini, mbele ya magurudumu, ili njia iwe nzuri. Macho yalipofunga mwaka jana akawa haoni gari linaanzia wapi. Akawa anapapasa hadi mkono ukutane na kitu baridi, na kitu baridi ni kioo. Hapo ndipo akawa anamwagia. Kwa hiyo fundi wa kwanza angeuliza habari za zizi kama wewe, tungekuwa tumemaliza mwaka jana. Nayafuta yale niliyokuandikia.

Lakini ngoja nikuambie lililofuata, maana halinipi usingizi. Nilidhani atacheka. Badala yake akasema, "Basi ni mimi niliyekuwa nalitia ugonjwa gari la mwanangu." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo hatoki na kibuyu. Kigoda amekihamishia upande wa pili wa nyumba, mbali na gari. Na jana amesema Moshi haendi. Anasema asije akalizimisha njiani na sisi sote tumo.

Nimebembeleza. Gadiel amebembeleza. Hata Ebenezer nimemleta, naye amekaa naye saa nzima akatoka akiwa yeye ndiye aliyefarijiwa.

Gari hilo hapo. Litengeneze, na kama una ufundi wa kumtengeneza mtu, nalo lifanye.

Mjomba wako,
Lemburis


Sakina,
11 Juni 2025

Shikamoo Mjomba. Soma kwa sauti tena. Watoto wa jirani waite.

Koko wangu,

Gari la mama linarudi leo. Nimetoa soketi ya zamani yote nikaitupa. Nimeweka mpya, nimeihamisha kutoka pale chini nikaipandisha juu, nimeifunga kwa mpira hadi hata mimi nikitaka kuilowesha siwezi. Nimejaribu kwa maji. Halafu niliagiza maziwa kwa jirani, nikamwagia kioo kwa makusudi, nikaliacha juani hadi yakachacha. Naftali alisema sasa nimechanganyikiwa. Taa haikuwaka. Kwa hiyo hata mkono ukipotea siku moja, hakuna kitakachotokea.

Koko, sikiliza. Wewe hukulitia ugonjwa. Ulilowesha waya mmoja mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti, na nimeubadilisha. Lakini gari hili limezimika mwaka mzima kwenye ule mlima wa kwetu, kwenye makorongo, kwenye utelezi wa masika, na hakuna hata mtu mmoja aliyechubuka kidole. Mita yangu inapima umeme. Hilo lingine haina namna ya kulipima, na mimi sithubutu kusema halikuwa kazi yako.

Nimefanya kitu kingine. Shika boneti, teremsha mkono mbele, chini, hadi kwenye bampa. Upande wa kulia kuna pete ya chuma ya kuvutia gari. Hapo nimefunga kitu. Ukikigusa utakijua, kwa sababu ulikishona wewe. Mama aliniachia, nimekuwa nacho kwenye sanduku la spana miaka yote hii. Hapo ndipo pa maziwa. Huhitaji macho kupapata.

Naomba upande gari. Nataka siku moja unione nilivyo sasa, si nilivyokuwa nikienda chuo.

Mjukuu wako,
Jackline


Moshi,
20 Juni 2025

Mpwa wangu,

Naandikia kwenye benchi nje ya wodi, kwenye karatasi niliyopewa na muuguzi, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Ulipoandika "hapo nimefunga kitu" mama hakungoja nimalize barua. Alinyanyuka akatoka, mkono mbele. Alipapasa boneti, akashuka hadi kwenye bampa, akainama, akagusa. Ni ile bangili ya ushanga aliyomshonea Evaresta siku ya kipaimara. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, ameishika ikiwa bado imefungwa kwenye chuma. Alilia, nami nililia, na watoto wa jirani wakakimbia kwenda kusema.

Jana kabla hatujaondoka akatoka na kibuyu. Alimwagia hapo kwenye ushanga, akaomba kwa Kimaasai, taratibu, akawataja wote, na wewe akakutaja. Mkono mmoja alikuwa anapapasa, mwingine una majani, kwa hiyo ilibidi mtu amshikie kibuyu. Nilimshikia mimi. Ebenezer usimwambie, ingawa nadhani watoto wameshafika kwake.

Tulipita Sakina alfajiri gereji yenu bado imefungwa. Mama alisema tupige honi, Gadiel akapiga. Kufika Usa River nikaacha kuitazama ile taa. Kufika Moshi nilikuwa nimesahau kwamba ipo. Haikuwaka, Jackline. Njia nzima haikuwaka.

Wamempasua jicho la kulia, la pili watalifanya baadaye. Leo asubuhi daktari amemfungua bandeji. Alipepesa, akamtazama daktari, akamtazama muuguzi, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, akasema, "Lemburis, umezeeka." Wodi nzima ilicheka. Mimi nilitoka nje, na ndiyo maana unaona niko kwenye benchi.

Dalali nimempigia. Yaani Gadiel amempigia, mimi nikapaza sauti kutoka pembeni. Amesikia kwamba gari haliuzwi.

Uliposema utakuwa fundi waya nilisema hiyo si kazi ya mtu wa kwetu. Sasa naandika kwa mkono wangu, ili uihifadhi: kazi yako ni nzuri, na mimi naijivunia. Sahihi ndiyo hiyo.

Mjomba wako,
Lemburis


Olmotonyi,
5 Julai 2025

Jackline mjukuu wangu,

Huyu anayeandika ni mjomba wako, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze wala asipambe. Safari hii naiona kalamu inavyokwenda, kwa hiyo hawezi kuruka.

Gari la mama yako ni zima. Gadiel analipandisha mlima anaimba. Mimi kila asubuhi nikishakamua natoka na kibuyu, nasimama mbele, na sasa naona ninapomwaga. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu, maana nimeona kuna njia ya maziwa makavu kwenye ukingo wa kioo, ambapo maji yako ya gereji hayakufika, imetoka juu hadi chini. Mwaka mzima nililiogesha uso. Gadiel alitaka kuisugua, nikamwambia nitaisugua mwenyewe, na nimeisugua.

Ule ushanga nimeuangalia sana. Nilikuwa nimesahau kwamba niliweka mstari wa bluu katikati. Mikono haikuniambia, macho ndiyo yameniambia. Nilidhani nitaufungua nikuletee, nikaona hapana, ubaki hapo. Macho ya uzee hayaaminiki, yanaweza kuchoka tena, na mkono ni vizuri ujue njia.

Umesema unataka nikuone ulivyo sasa. Mimi kazi ya mikono yako nimeijua, nimeipapasa pale kwenye chuma, umefunga fundo zuri, halilegei. Uso wako sijauona tangu tulipomzika mama yako. Najua kwa nini huji. Ukipanda huku unaona gari lipo na mwenyewe hayupo. Mimi pia ndivyo ilivyo kwangu, kila asubuhi, na bado natoka.

Njoo Jumamosi ijayo. Gadiel atakufuata hapo Sakina na gari. Spana ziache kwa Naftali, hakuna kitu cha kutengeneza huku, wote wazima. Ukishuka, inamisha kichwa kama zamani nikiguse. Ila ukishakiinamisha usikae nacho chini muda mrefu, kiinue haraka, nataka kutazama.

Koko wako,
Nosim